Ukungu wa Mto Derwent

Tamar aliupitisha mkono ukingoni mwa mto uliochapwa kwenye karatasi, kidole kikitafuta taratibu kama cha mama asakaye chawa kichwani mwa mwanawe.

“Jumba la tajiri nimeliona. Kondoo nimewaona, na kondoo wenyewe hatuna. Mimi nakaa wapi, kaka?”

Efraimu Wragg, mchonga picha za kuchapwa, alicheka. Kijumba cha dada yake kando ya mto alikuwa amekichonga vizuri kwenye bamba la shaba, kisha akakikwangua. Bwana Haslop, mwenye kiwanda cha pamba aliyeagiza picha, alisema vibanda vinalitia jumba lake aibu.

“Ni picha tu, Tamar. Wino hauvunji ukuta.”

“Una mkono mwepesi wewe! Hata dohani hukuniachia nikapikie uji?”

Bwana Haslop aliipenda picha kupita kiasi. Mgeni akija, huonyeshwa picha kwanza, ndipo apelekwe dirishani. Na kila siku dirisha, lenye vibanda vile, likazidi kuonekana lina kasoro. Kabla ya theluji, watu wake walikuja na mitaimbo kuvibomoa.

Efraimu alikimbilia jumbani, kofia mkononi.

“Bwana, dada yangu ni mjane. Mumewe alifia kwenye gurudumu la kiwanda chako.”

“Mbona unanililia, Wragg? Wewe ndiye uliyenifumbua macho. Bila wewe ningejuaje ukingo ule ni mzuri hivyo?”

Alirudi kwenye meza yake, akalitwaa bamba. Nakala nyingine zilikuwa zimeagizwa. Angekirudisha kijumba, wageni wakione, wamwulize Bwana kilikokwenda. Lakini shaba ikishakwanguliwa huwa nyembamba. Kila mstari wa paa aliouchonga ulivunjika kingo, ukuta ukawa makovu. Akakwangua tena, hata pakabonyea. Alipochapa, wino ulituama bondeni mle, ukaacha doa la kijivu kando ya maji.

Bwana Haslop aliinamia karatasi kwa muda mrefu.

“Ukungu!” akasema. “Ukungu wa asubuhi, kabisa! Usiuguse huo. Chapa zote hivyo hivyo.”

Tamar sasa alikuwa akilala nyuma ya mashine ya kuchapia ya kaka yake, na sufuria yake moja. Alichukua nakala iliyokauka, akaisogeza kwenye mwanga. Safari hii kidole hakikutafuta. Kilikwenda moja kwa moja kwenye doa, kikatulia.

“Nakaa hapa,” alisema.

Efraimu alikitazama kidole kile kilipoinuliwa. Kilikuwa safi, hakuna hata wino uliokishika.