Mtu wa Kumpaka

Anti Rukia, aliyetufundisha kupamba maharusi, alitutangazia Jumatano, huku akisuuza brashi zake kwenye beseni: Jumamosi kila mwanafunzi aje na mtu wake wa kumpaka. Atakayefaulu ataandamana naye kwenye harusi za Desemba, wakati Wachagga wote wamerudi nyumbani kuoana. Atakayeshindwa atabaki saluni kuosha nywele.

Wenzangu wakaanza kubishana walete nani, maana walikuwa na dada na mashoga wa kumwaga. Mimi nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Tatizo langu Anti Rukia alishaliona. Katika chumba nilichopanga peke yangu Rau, pembeni mwa Moshi, sikuwa na mtu wa kujifunzia, kwa hiyo kila jioni nilijipaka mwenyewe mbele ya kioo, nikanawa, nikajipaka tena. Mkono ukazoea uso mmoja tu. Nilipompaka mwenzangu Pamela darasani, nyusi zake za duara zikatoka zimenyooka na kupanda kwenye ncha kama zangu, na mdomo wake mnene ukasinyaa ukawa mwembamba kama wangu. Anti Rukia alimgeuza Pamela huku na huku.

“Lukresia, mwanangu, umejipaka wewe,” akasema. “Bibi harusi atatoka hapa mama yake amkatae.”

Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao. Afadhali kuchekwa kuliko kurudi Rau.

Nilimwomba jirani yangu, Mama Mudrik, akasema mumewe hapendi mambo hayo. Nikaenda sokoni kwa mama anayeuza mchele wa Chekereni, ambaye nilinunua kwake kila wiki na moyoni nilimhesabu rafiki. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza jina langu nani. Iliniuma, sitaficha.

Alikuwa amebaki mama.

Mama yangu aliishi Kilema, juu mlimani, kwenye kihamba cha migomba na kahawa alichokiacha baba. Zamani kidogo nilikwenda kwa masista niwe mtawa, na siku ya kuondoka mama alipika pombe ya mbege ya kutosha kijiji kizima, kwaya ikaimba uani. Nilirudi kabla ya nadhiri. Sikufukuzwa wala sikufanya ubaya wowote; niliona tu kwamba upweke utaniua mle ndani. Kumbe ungenifuata mpaka Rau. Mama hakunigombeza hata siku moja. Aliacha kuniangalia, basi. Akinisemesha anaangalia chungu, au mbuzi, au mgomba. Ningependelea anichape.

Ijumaa nikapanda mlimani. Nilipofika kwenye mpaka wa kihamba nikakata jani la isale, nikalifunga fundo. Kwetu jani hilo likiletwa, aliyekosewa hana ujanja, lazima asamehe. Kosa lenyewe sikuliona, na mpaka leo silioni, lakini jani nililikata.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba.” Alikuwa anamenya ndizi za kiburu, macho kwenye kisu.

Nikamwekea isale mapajani. Akaligusa fundo kwa kidole.

“Nani amekutuma?”

“Hakuna. Nimekuja mwenyewe.”

Akalichukua, akalisokomeza kwenye kanga kifuani. “Haya. Yameisha,” akaiambia ile ndizi.

Nikamweleza habari ya Jumamosi. Akaendelea kumenya. “Mimi mtu wa kanisa, nipakwe marangi?”

“Sina mtu mwingine, mama. Moshi nzima sina.”

Kisu kikasimama. Kisha kikaendelea kumenya, nami nikashuka nikijua haji.

Jumamosi saluni ilijaa madada wa watu. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya brashi zangu mama alipoingia, kitenge cha Pasaka mwilini, rozari shingoni, viatu mkononi visichafuke. Anti Rukia alimpa shikamoo, akamketisha kwenye kiti changu. Mama akafumba macho kabla sijamwomba.

Nikamfuta uso kwa pamba. Sikuwa nimeugusa tangu utotoni. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na saba, na poda za rangi zetu zilikuwa zimeanza kuingia madukani, siyo ile ya zamani iliyotuacha na uso wa majivu. Nikachanganya mbili mpaka zikapotea kwenye ngozi yake. Nilijiapiza kwamba leo sijipaki. Nikaupitia mfupa wa nyusi kwa kidole kwanza, ndipo nikapitisha wanja. Nikaufuata mdomo ulivyo. Mkono haukusita popote, na hilo likanitia hofu.

“Fumbua macho, mama. Angalia juu nikupake wanja wa chini.”

Akafumbua. Hakuangalia juu. Aliniangalia mimi, karibu kabisa, magoti yetu yakigusana. Sikuweza kupaka kitu, kwa sababu macho yalinijaa machozi.

“Paka,” akasema. “Unanichelewesha.”

Anti Rukia alipofika kwetu alimtazama mama, akanitazama mimi, akakuna kichwa. “Lukresia! Yaleyale. Umejipaka tena.”

Wakacheka tena.

“Nimefuata uso wake, Anti.”

“Nyusi zako. Mdomo wako. Sasa nitajuaje kama umejifunza?”

Mama akageukia kioo cha ukutani. Alijitazama yeye, kisha akanitazama mimi niliyesimama nyuma yake.

“Mwalimu,” akasema, kwa Kiswahili chake cha mlimani cha polepole, “uso huu ni wangu. Mimi nilikuwa nao kabla yake. Huyu ni mwanangu. Ameutoa kwangu.”

Kicheko kikaisha. Anti Rukia akamshika mama bega, akasema anaamini, hata yeye sasa anaona, ila mtihani haujapima kitu. Mpaka nilete mtu nisiyefanana naye, Desemba nitaosha nywele. Alisema kweli, na siku hiyo nilimchukia.

Nilimsindikiza mama mpaka stendi. Nikampa pamba ajifute kabla ya kupanda basi, maana watu wa Kilema wana midomo. Akaisukuma pembeni. “Waone,” akasema. Akapanda, akakaa dirishani, akaniangalia tena, bila haraka.

“Nyusi ya kushoto imepanda kuliko ya kulia.”

“Yako au yangu?”

“Zote mbili,” akasema.

Basi likaondoka na uso wetu dirishani, nami nikarudi Rau peke yangu.