Swali Lililoishia Kwangu

Mwenyekiti aliweka kalamu mezani, akavua miwani, akanitazama mimi. Hakumtazama mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekuja kuhojiwa. Tangu tuingie katika chumba kile, wazee watatu wa kamati ya udahili walikuwa wakiongea na mimi, kana kwamba alama zile za juu za hesabu nilizipata mimi.

"Sasa dada," alisema, "tuseme tumempokea. Chuo hakina mkalimani. Wewe utakuwa tayari kukaa naye darasani miaka minne?"

Mikono yangu ilikuwa imekwisha kuinuka. Kazi ya mkalimani ni rahisi kuieleza: linalosemwa lipite, lisikwame kwako. Nikaishusha mapajani.

"Hapana," nikasema.

Nyumbani tulimwita Kamusi. Homa ilimwondolea usikivu akiwa na miaka mitatu, na maneno ambayo wenzake waliyaokota hewani, yeye aliyatafuta kitabuni, moja moja, kwa kidole. Baba alikuwa fundi bomba. Walipoitwa mahali penye bomba linalovuja ndani ya ukuta, baba alibandika sikio, Kamusi akabandika kiganja. Mara nyingi kiganja kilishinda. "Huyu masikio yake yako mikononi," baba aliwatambia wateja. Wateja walicheka, hadi ukuta ulipovunjwa na maji yakakutwa palepale alipoonyesha. Akiwa bado mdogo alikwisha kuamua kwamba atasomea uhandisi wa maji, na hakuna aliyemcheka kwa hilo, maana alikuwa akikokotoa kipenyo cha bomba kichwani huku baba bado anatafuta penseli.

Shule ya viziwi iliishia elimu ya msingi. Sekondari ya karibu ilikubali kumchukua kwa sharti moja, aje na mtu wake wa kumtafsiria. Mtu huyo nikawa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeacha masomo zamani, nikijifunza kushona. Mama alinishonea sketi ya sare kwa cherehani ileile niliyoiacha.

Kwa miaka sita nilisimama kando ya ubao. Watoto waliniita Shangazi. Mwalimu wa fizikia naye akazoea: "Shangazi, tumeelewana hapo nyuma?" Nilitafsiri mwendokasi, shinikizo, mizizi ya namba, na kwa kuwa huwezi kutafsiri usichokielewa, nilivielewa. Ila jina langu halikuwahi kuitwa kwenye mahudhurio, na siku ya mitihani nilingoja nje, kwenye ngazi, na mkoba wake. Yeye alitoka na cheti. Mimi nilitoka na vidole vilivyokakamaa kila asubuhi ya baridi.

Sitaki kusema nililazimishwa. Nilimpenda kupita kiasi. Lakini dereva wa lori aliyetaka kunioa alikuwa amengoja miaka miwili, na kiwanda cha nguo kilikuwa kimenipa nafasi. Mwenyekiti alipouliza, niliiona ile miaka minne mbele yangu kama korido ndefu isiyo na mlango wa pembeni. Jibu lilitoka kabla sijaliruhusu.

Kamusi aligusa kiwiko changu. "Ameuliza nini?"

Nilikuwa na nafasi bado. Ningeweza kumweleza, naye angejitetea. Labda angewaambia kwamba atasoma vitabu mwenyewe, atanakili madaftari ya wenzake, atakaa mbele. Alikuwa na majibu mengi kuliko mimi.

"Ameuliza kama tumetoka mbali," nikamwambia kwa mikono.

Alinitazama usoni muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Kisha akajibu, "Mwambie si mbali."

Nikageuka mezani. "Anashukuru," nikasema.

Barua ilikuja baada ya wiki tano. Chuo hakikuwa na mazingira ya kumhudumia mwombaji mwenye hali yake, kilimtakia mafanikio. Baba aliisoma kwa sauti, akakumbuka, akampa mwenyewe asome. Kamusi aliikunja mara nne, akachukua mfuko wa spana, wakaenda kazini. Mama peke yake ndiye aliyelia, akiwa ameligeuzia dirisha mgongo. "Mwanangu wamemuonea," alisema, na mimi nikaendelea kuchambua mchele.

Niliolewa. Ndoa ilidumu miaka mitatu. Kiwanda kilifungwa. Kamusi alirithi wateja wa baba, akawa fundi anayetafutwa mji mzima. Lakini hakuongea nami tena kama zamani. Aliniheshimu, aliniletea dawa nikiugua, ila mikono yake ikawa ya haraka na mifupi mbele yangu, kama mtu anayemjibu mgeni njiani. Nilidhani ni uchungu wa chuo.

Ilipita miaka kumi na minne. Chuo kilekile kikatangaza mpango wa kupokea wanafunzi viziwi, nacho kikatafuta wakalimani. Cheti hawakuuliza, walitaka kuona mikono tu. Nikapata kazi.

Jumapili iliyofuata mchana nilimkuta Kamusi uani akikata nyuzi za kuungia kwenye ncha ya bomba jipya. Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nikamweleza yote: swali la mwenyekiti, jibu langu, uongo wangu. Nilieleza haraka mno hadi akaniomba nirudie.

Aliweka bomba chini.

"Hapana niliiona," alisema. "Midomo hukutana mara moja tu. Ni neno jepesi kulisoma. Swali ndilo sikuliona, mzee alikuwa na mkono mdomoni."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza. Ukasema mbali."

Alifuta mafuta kwenye vidole, kimoja kimoja.

"Nilidhani wameuliza kama nitayaweza masomo," alisema. "Nikadhani wewe, uliyekaa nami miaka sita, umewaambia sitaweza. Nikasema basi, anayenijua kuliko wote amesema."

Nilitikisa kichwa, nikatikisa tena, kama mwendawazimu. Nilimwambia sijawahi kuona akili kama yake. Nilimwambia mpango umeanza, aombe, safari hii nitakaa naye hadi mwisho, niulizwe nisiulizwe.

"Tangazo nililisoma kabla yako," alisema. "Mwisho miaka thelathini."

Alikuwa na thelathini na minne. Mikono yetu ililala mapajani. Ng'ambo ya ukuta jirani alikuwa akimwita mwanawe aje kuoga. Baadaye Kamusi aliokota bomba, akalikagua uzi kwa ukucha, akaniuliza naanza lini.

"Kesho. Saa mbili."

Alifikiri.

"Vaa blauzi nyeupe, isiyo na maua," alisema, taratibu, mikono yake ikiwa mirefu kama ya zamani. "Wanaokaa nyuma nao waione mikono yako."