Wa Nne Kwenye Foleni

…na sauti ya mashine nayo haina hata haya, "wewe ni wa nne kwenye foleni, tafadhali subiri," kinanda kikarudi, kilekile cha miezi yote, naye amekaa ukingoni mwa kochi, simu sikioni, kiatu kimoja mguuni, saa mbili na dakika tatu asubuhi, maana zahanati hii hugawa nafasi za kumwona daktari saa mbili kamili na ikifika na robo zimekwisha, jaribu kesho, ila leo yeye hatafuti nafasi, anairudisha, na laini ya kurudisha ndiyo hiyohiyo ya kutafuta, ufe upone foleni ni moja… ufe, neno gani hilo… "wewe ni wa tatu," ikasema simu ya mkewe kutoka jikoni, kwenye spika, kwa sababu vidole vimezoea kupiga zote mbili, ndivyo walivyofanya, yeye kochini, mke jikoni, wapige pamoja, na mke akitangulia kila mara, "Dereva mzima unapitwa na mpika chai!", dereva wa malori, mipaka sita, aliyewachekesha maofisa wa forodha mpaka wakasahau kukagua mzigo, mdomo huo, mdomo huohuo… asubuhi ile walipopokelewa wote wawili kwa mpigo, mke akapewa tarehe kumi na sita, yeye tarehe sita, nafasi mbili za kifua kimoja kinachobana, na binti wa mapokezi aliyekuwa kwenye laini yake akaona jina limejirudia, "Baba, mnazo mbili, nifute ipi?", naye kapata msikilizaji, atanyamazaje, "Futa yangu, mwanangu, ya mama ndiyo yenye serikali, mimi humu ndani mpangaji tu!", binti akacheka, mke akacheka huko jikoni kashika kifua, na ya tarehe sita ikafutika, wala hakuuliza nyingine ni ya lini, hakuuliza… alipojua akapiga tena dakika ileile, imeshachukuliwa, baba, na mke akasema, "Acha bwana, siku kumi si mwaka," halafu tarehe kumi na mbili… hapana, asiende huko, leo ni kumi na tano. "Wewe ni wa tatu." Jikoni, "wewe ni wa pili." Kesho saa nne na robo, jina la mkewe bado limeandikwa pale, hapa duniani hakuna kwingine anakongojwa, na ukilifuta… juzi alipanga aende mwenyewe, akae kwenye kile kiti mbele ya daktari, aseme nini, achekeshe nini, na huyo aliyedaka tarehe sita amemlaani wiki nzima, mtu asiyemjua, mtu mwenye kifua chake, aliyekaa mahali na simu sikioni akisikia kinanda hiki… yu hai? awe hai basi, mama, baba, yeyote yule, apumue, angalau hiyo… na nyuma yake sasa hivi yupo wa nne, yupo wa tano, wanaitazama saa inaelekea na robo, naye amewazibia njia na simu mbili kwa mtu mmoja. Akakata yake. Akachechemea na kiatu kimoja hadi jikoni, akaiinua ya mkewe, akaitoa kwenye spika, akaiweka sikioni, pale lilipokuwa sikio la mkewe, "wewe ni wa pili, tafadhali subiri," na safari hii mdomoni hana kichekesho, ana tarehe tu, na jina…