Vishikio vya Mlango wa Mzee

Fundi alivipanga vishikio juu ya meza, kimoja kimoja, bila haraka. Vya shaba, vya chuma cheusi, na vya mbao iliyopigwa msasa mpaka ikawa laini kama shavu la mtoto.

"Hivi ni vya urembo tu, mama," akasema. "Havina ulimi, havina ufunguo. Unavuta, mlango unakuja."

"Bawa lipi la mlango?"

"Yote mawili. Juu nitaweka sumaku za kuyashika, basi."

"Hivyo ndivyo ninavyovitaka," akasema mjane.

Kitindamimba wake, aliyekuwa akimenya vitunguu pale pale, alicheka. "Mama naye! Mlango usio na kitasa ni kibogoyo mbele ya muwa. Weka basi kitasa upande mmoja, kama zamani."

"Ya zamani yamepita, mwanangu."

"Haya. Tena baba angekuwa na mlango kama huo, asingejifungia." Kisu kikasita. "Mtu ana pumu, halafu anajifungia! Ukaidi wake ndio uliomuua, na mimi sijamsamehe."

Mjane akachukua kishikio cha shaba, akakipima uzito mkononi. Mwezi wa nane huo tangu mzee afariki, kila yakisemwa hayo, yeye hajibu.

Maana mzee hakujifungia. Mlango wa chumba chake ulikuwa na vishikio pacha: cha kulia kilifungua, cha kushoto kilikuwa pambo, kimekazwa kwenye bawa lililofungwa daima kwa komeo juu na chini. Miaka ishirini na sita waliishi nao, na waliokosea walikuwa wageni tu. Siku ile mume wake alipoita, mkono wa kulia wa mjane ulikuwa umegandwa na unga aliokuwa akiukanda. Akatumia wa kushoto, akashika cha kushoto, akavuta. Akavuta tena. Kwa ndani mzee naye alikuwa akisukuma bawa lile lile. Mjane alizisikia mbao zikitetema. Akajiambia, amejifungia huyu, akatoka mbio kuita watu. Jirani alipofika alibonyeza kishikio cha kulia kwa kidole kimoja. Mlango ukafunguka, na mzee alikuwa ameshamaliza pumzi zake.

"Ulikuwa umefungwa," mjane akawaambia watu. Jirani, kwa kumstahi, hakumbishia.

Tangu hapo, kila alasiri saa tisa, bawa la kushoto lilitetema kidogo, likanyamaza. Panya hao, alisema kitinda. Mjane aliujua ule mkono. Akaona dawa ni moja: ampe mumewe mlango unaofunguka popote atakaposhika.

Akachagua vya shaba. Kesho yake asubuhi fundi aling'oa kitasa na makomeo, akaweka sumaku, akavikaza vishikio vipya. "Sasa hata kifaranga ataufungua," akasema, akafunga mkoba wake akaenda zake.

Saa tisa ilipofika mjane alikuwa ameketi kwenye kiti, akiutazama mlango. Mabawa yote mawili yakatetema. Sumaku zikaachia, zikashika, zikaachia, tak, tak, tak. Lakini hayakufunguka. Hakuna kilichoyazuia, na hayakufunguka. Ndipo alipoingiwa na baridi: kumbe mzee hakuwa anataka kutoka.

Kitinda alitokea jikoni na mwiko mkononi. "Mama, nani yumo humo?"

"Baba yako."

"Mama!"

"Kaa chini. Baba yako hakujifungia. Mimi nilivuta kishikio cha pambo."

Akamweleza yote, na unga, na kidole cha jirani, na uongo wake. Mtetemo ule ukakoma kabla hajamaliza, naye hakukoma.

Mchuzi wa mwiko ulikuwa ukimchuruzikia kitinda magotini.

"Miezi minane," akasema. "Miezi minane namsema baba, nawe unanisikiliza."

"Nilikuwa naona aibu, mwanangu."

Kitinda hakumtazama. Akaenda akashika vishikio vyote viwili, akavuta, akaingia, akarudisha mabawa nyuma yake. Mjane alimsikia ndani akilia na kumwomba baba yake radhi, kwa sauti ya utotoni. Alisubiri asikie na yeye akitajwa. Hakutajwa. Mlango hauna kitasa, hauna komeo, na mama wa watu hakuthubutu kuugusa.