Mkono wa Mshenga

Felista alikuwa amechoka kusema. Tangu mumewe Gerald abanwe kiganja cha kulia na mkokoteni wa ng'ombe, mifupa ikavunjika, akafungwa hogo, ile plasta ngumu, hospitali ya mjini, kazi ya Felista ilikuwa kumkumbusha kliniki ya Alhamisi na kazi ya Gerald kutafuta pa kwenda siku hiyo. Daktari alisema wazi, wote wawili wakisikia: asiporudi kuangaliwa na kufanyishwa mazoezi, vidole vitakakamaa.

Lakini Gerald ni mshenga. Nusu ya ndoa za Mgori amezisemea yeye. Alhamisi ya kwanza alikuwa kwa akina Chediel, kupunguza ng'ombe wa mahari. Iliyofuata, kuna wazee eti hawawezi kuanza bila yeye.

"Baba Eliza, huo mkono ni wa nani?"

"Hauumi, mama. Sasa nikawaambie nini?"

Hauumi! Felista alitamani kuuchapa mwiko apate maumivu kidogo, labda angepanda gari.

Siku moja akamkuta nyuma ya nyumba, hogo kaliloweka kwenye ndoo, analikata kwa kisu huku anapiga mluzi. Felista akageuka. Aliingia jikoni akabamiza masufuria mpaka kuku wakakimbia.

Baada ya mavuno ya alizeti wakaja wageni nyumbani kwao wenyewe, kumposa binti yao Eliza. Wanaume wakawekewa ugali na kuku kwenye sinia moja. Gerald akanawa, akanyoosha mkono wa kulia. Vidole vikagoma kukunjika. Tonge likamdondokea kwenye shati. Akajaribu tena, likadondoka tena. Kupeleka mkono wa kushoto kwenye chakula cha wakwe hakuthubutu.

"Kuleni jamani," akasema. "Mimi nimeshiba."

Felista alikuwa mlangoni na jagi la maji. Hasira ya miezi yote ilimpanda, na nyuma yake ikaja huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyomuudhi zaidi.

Wageni walipoondoka, Gerald alimfuata jikoni, akaketi kwenye kigoda. Felista akakata tonge, akalichovya mchuzini, akamlisha.

"Alhamisi nitaenda," Gerald akasema, mdomo umejaa.

"Nilishakwenda mimi kliniki kukuulizia. Vikishakakamaa hivyo ni kupasua, na hata wakipasua hawaahidi kitu."

Gerald akaacha kutafuna. Felista akakata tonge jingine.

"Haya, fungua mdomo."