Wembe Wenye Ubavu wa Kitana

Sanduku lilikuwa chini ya kitanda cha Baba tangu siku mkono wake wa kulia ulipolegea. Ndani yake mlikuwa na wembe wa kukunja, mkanda wa ngozi, jiwe la kunolea, brashi ya povu na bakuli la sabuni. Ndivyo vifaa alivyowanyolea nusu ya watu wa mji huu kwa miaka thelathini na tisa. Sasa binti yake alipiga magoti, akapapasa mpaka ukutani, akakuta vumbi na alama ya pembe nne pale sanduku lilipokuwa limekaa.

"Umeupata?" Baba aliuliza kutoka sebuleni.

"Bado natafuta, Baba."

Baba alikuwa kwenye kiti chake cha kazi, kile walichokihamisha kutoka kibanda chake cha kunyolea, taulo limemfunika kuanzia puani. Ndevu zilikuwa zimeota wiki sita. Daktari alishasema bila kuzunguka: mkono usipoanza mazoezi kliniki, utakauka moja kwa moja. Lakini Baba hakukubali kuvuka mlango. "Kinyozi nitoke na kichaka usoni? Bora mkono ukauke." Viwembe vya plastiki alivyoletewa alivirusha dirishani kwa mkono mzima. Alitaka wembe wake, na alitaka aushike binti yake, ambaye alimfundisha mwenyewe alipomaliza darasa la saba.

Kliniki ilikuwa kesho asubuhi.

Binti alitega sikio. Chumba cha pili spika mpya ilikuwa inapiga muziki mpaka vifuniko vya sufuria vinatetemeka, na kaka yake hakuwa na kazi mwezi wa tatu huu. Akasukuma mlango.

"Kaka, hii spika umeitoa wapi?"

Kaka huyo mtaa mzima ulimwita Mjuaji, kwa sababu hajawahi kuulizwa kitu akasema sijui. Alikuwa mbele ya kioo, anachana ndevu zake za kidevuni alizozichonga kama ncha ya mkuki. Alizipenda ndevu zile kuliko ndugu zake.

"Nilibadilishana na mtu."

"Ukampa nini?"

"Makorokoro tu. Siku hizi nani ananyolewa kwa kisu, mdogo wangu? Wenye maduka ya vitu vya kale ndio wanaovitaka vile."

"Duka gani?"

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Mjuaji akasema hajui. Nyuma ya soko huko, kuna maduka mengi, yote yanafanana.

Binti hakupiga kelele. Alichomoa waya wa spika ukutani, akaitia kwenye mfuko wa turubai, akatoka nayo huku kaka yake anamfuata nyuma akilalamika kama aliyeibiwa yeye.

Duka la kwanza lilikuwa na saa za ukutani zisizotembea. Duka la pili mama mmoja alimtolea kopo la nyembe zilizoliwa na kutu, akaapa ni za kale sana. "Hizi ni za juzi, mama," binti alisema, "ila zimelala kwenye maji." Akaaga kwa heshima, akaendelea. Miguu ilikuwa inamuuma na spika nayo ilizidi kuwa nzito, lakini kila kabati aliliangalia mpaka rafu ya chini.

Duka la tatu alisimama mlangoni, damu ikampanda kichwani.

Mwenye duka, mwanaume mnene aliyevaa kizibao, alikuwa anapangusa vumbi kwenye sanamu ya paka. Anapangusa kwa brashi ya Baba! Brashi ambayo Baba alikuwa anaiosha kwa maji ya uvuguvugu, anaikung'uta mara tatu na kuitundika kichwa chini, leo inasugua matako ya paka wa udongo.

Na kwenye kabati la kioo, juu ya kitambaa chekundu, wembe ulikuwa umelazwa wazi juani. Pembeni yake pana karatasi: *Wembe wa mfalme. Mpini wa rangi mbili, hakuna mwingine duniani.*

Mzee mmoja wa miwani alikuwa ameinamia kioo mpaka pumzi yake imefanya ukungu. "Fundi wa kifalme kweli," alisema. "Ubavu mmoja wa mpini ni pembe, ubavu mmoja mti. Nimekusanya vifaa vya kunyolea miaka yote hii, sijauona kama huu."

"Na hutauona," mwenye duka akamjibu. "Nikufungie?"

"Shikamoo, mzee," binti alisema. "Usifungiwe. Huo ubavu wa mti ni kitana cha mama yangu."

Wote wawili wakageuka.

"Wewe binti unatafuta nini?" mwenye duka aliuliza.

"Natafuta huo. Nilikuwa na miaka saba nilipouangusha sakafuni, pembe ya upande mmoja ikavunjika. Baba akakata kitana cha Mama, akakiunga kwa msumari wa kiatu. Geuza uangalie kwa ndani. Meno ya kitana hakuyamaliza kuyakata, amebakisha visiki vitano."

"Hadithi hizo," mwenye duka alisema, lakini mzee wa miwani alishanyoosha mkono. Akaushika wembe, akauinua kwenye mwanga, akachungulia katikati ya mbavu mbili. Midomo yake ilihesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akaurudisha juu ya kitambaa taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya chakula kilichochacha.

"Mfalme wako alikuwa anachana nywele kwa mbavu za wembe," alimwambia mwenye duka, akavaa kofia yake, akatoka.

"Umeniharibia biashara!" Mwenye duka alipiga meza mpaka paka akayumba. "Unaingia kwenye duka la watu unaropoka! Mimi nimenunua kwa mtu mzima mwenye akili zake!"

"Mwenye akili zake simjui," binti alisema, "ila mwenye ndevu kama mkuki ni kaka yangu, na alichokupa si chake." Akatua spika juu ya meza. "Ulimpa hii. Hii hapa. Sanduku lilikuja zima, litaondoka zima. Na hiyo brashi iondoe kwenye paka."

Mwenye duka aliitazama spika, akautazama wembe ambao sasa ulikuwa kitana tu, akasonya. "Chukua takataka zako. Na ujue nimekusaidia, nilikuwa nimeupitisha kwenye gurudumu la kunolea visu ukang'aa."

Binti alihisi kama amepigwa kofi. Gurudumu la visu! Wembe ulionolewa kwa ngozi miaka thelathini na tisa, polepole, kwenda na kurudi! Alipoupitisha ukucha kwenye makali ulikwaruza kama msumeno. Akapanga vifaa vyote sandukuni, akakaza mwendo kurudi nyumbani. Alikuwa na jioni moja tu ya kuutengeneza.

Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyumbani, jiwe magotini. Jiwe, maji, jiwe, maji. Kisha mkanda, mpaka unywele uliogusishwa makali ulipokatika wenyewe. Baba alipopewa auguse kwa gumba la kushoto, alikunja uso.

"Nani ameupeleka huu kwenye gurudumu?"

Akamweleza yote, kuanzia spika mpaka paka. Baba akatoa taulo, akainua kidevu.

Alipomaliza kumnyoa, Baba alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Alikuwa amekonda chini ya zile ndevu. "Kliniki saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Niandalie shati. Na mwite Mjuaji."

Kibandani Baba alikuwa na utaratibu mmoja: mwenye povu usoni haongei. Ndiyo maana wateja wenye makosa walikuwa wananyolewa kwa muda mrefu. Aliyemtelekeza mama yake, aliyempiga mkewe, wote Baba aliwapaka povu, akawawekea wembe shingoni, akawasema mpaka alipochoka. Hakuna aliyewahi kujibu.

Mjuaji alikuja na midomo mirefu. "Spika yangu imeenda wapi?"

Baba aliinuka kwa fimbo, akamwonyesha kiti. "Kaa."

"Baba, mimi ndevu zangu nazitunza—"

"Kaa."

Akakaa. Binti alikoroga sabuni bakulini, akamfunika kaka yake povu zito kuanzia masikioni mpaka kooni, na ile ncha ya mkuki ikazama kabisa. Akaufungua wembe. Ubavu wa kitana ulikaa kiganjani mwake palepale unapokaaga. Akauweka chini ya taya, na Mjuaji akaacha hata kumeza mate.

"Haya, kaka," alisema. "Sasa tuongee."