Kiu ya Ukumbini

Jumamosi alasiri Lorraine alimfunga mumewe tai, akampangusa makombo ya keki begani, akamwambia, "Usihubiri sana. Watu wamekuja kusikiliza fidla."

Mumewe, Desmond Haverstock, alikuwa anafungua ukumbi wa muziki alioujengea mji wa Philadelphia. Utajiri aliupata kwa kununua kampuni zilizolegea, kuzipunguzia wafanyakazi na kuziuza kwa bei nono. Za karibuni zilikuwa nyumba za kutunzia wazee.

Makofi yalipotulia, marehemu waliofia katika nyumba hizo waliingia wakiwa na nguo za kulalia. Wahudumu wa mlangoni waliwagawia ratiba, wakawaonyesha viti. Mke wa meya alisogeza mkoba wake ili mzee mmoja apate pa kukaa.

Desmond alikuwa jukwaani akimsifu Bi Ottilie Brandt, aliyemfundisha fidla bure utotoni, aliposikia sauti ya mwalimu huyo kutoka safu ya tatu.

"Desi, mwanangu, hapa hakuna maji?"

Alishuka hadi kitini kwake. Midomo ya mwalimu ilikuwa imepasukapasuka.

"Mwalimu! Kumbe ulikuwa kwetu?"

"Kwenu? Mimi ningejuaje ni kwa nani? Nilikuwa nabonyeza kengele tu. Usiku muuguzi mmoja, ghorofa nzima. Angekuwa na miguu mingapi, maskini?"

"Si ungenipigia simu!"

"Nilipiga. Yule msichana wako wa ofisini akasema uko kwenye hafla ya hisani."

Lorraine akaja kumshika mumewe kiwiko. Desmond alimletea mwalimu maji kwa mkono wake mwenyewe. Bi Ottilie akanywa, akaomba tena, na nyuma yake wengine wakapanga foleni. Wapiga fidla walingoja kidogo, kisha wakaanza.

Jumatatu kikaoni, mshirika wake Prescott alipendekeza zamu ya usiku ipunguzwe tena kabla nyumba hazijauzwa. Desmond alikuwa hajapata usingizi tangu Jumamosi. Alifungua kinywa, kisha akanywa maji.

"Vipi, mzee, una neno?" Prescott akauliza.

Desmond akatikisa kichwa, akanyoosha mkono pamoja na wenzake kupitisha pendekezo.

Mchana huohuo alitoa fedha za kujenga bomba la maji ya kunywa ukumbini, la marumaru, lenye jina la Bi Ottilie. Marehemu wanalipenda. Huja kila onyesho, na wageni wapya hawakosekani. Baridi ilipoanza, meneja wa ukumbi alilalamika kwamba wengine wanasimama hadi mwisho, na Desmond, ambaye hajawahi kuwa mchoyo, akanunua viti.